Istikhara Haileti Ndoto

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, simu yangu haina raha. Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, lakini hapa Ngamiani, Tanga, mwalimu hastaafu. Hubadilishiwa darasa tu. Siku hizi baada ya alasiri nasomesha kina mama fiqhi kwenye madrasa ya mtaani, na kupitia kwao watoto wao hunijia na mambo yao. Mmoja hajui achague tahasusi ipi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano. Enzi zetu ulizihesabu kwa vidole. Tangu 2024 orodha imefika 65. Mwingine amepata nafasi chuo cha ualimu, na papo hapo mjomba wake aliyeko Muscat anamwita akamsaidie dukani. Wa tatu kaposwa. Shikamoo zikiisha na habari zikishaelezwa, wote humalizia kwa ombi moja: "Mwalimu, nifanyie istikhara. Ukiota chochote uniambie."

Siwaotei. Wengine hununa, mmoja aliwahi kunambia mwalimu fulani wa Makorora huota usiku uleule na jibu analo asubuhi. Nikamwambia basi aende Makorora.

Kwa msomaji asiyeijua, istikhara ni swala ya mtu aliyefika njia panda. Asili yake ni hadithi aliyoipokea sahaba Jabir bin Abdillah, nayo imo katika mkusanyo wa Imam Bukhari. Jabir anasimulia kwamba Mtume aliwafundisha istikhara katika mambo yote, kwa uzito uleule aliowafundishia sura za Kurani. Unaswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha unaomba dua maalumu. Ndani ya dua hiyo unakiri kwamba Mungu anajua nawe hujui, anaweza nawe huwezi. Unalitaja jambo lako. Unaomba, kama lina heri kwako katika dini, katika maisha na katika mwisho wake, likadiriwe, lirahisishwe na litiwe baraka. Na kama lina shari, liondolewe kwako nawe uondolewe kwalo, upewe heri popote ilipo, kisha uridhishwe nayo.

Basi. Hakuna kulala ubavu wa kulia ukisubiri picha. Mitaani husemwa ukiona kijani au cheupe endelea, ukiona chekundu au cheusi acha. Katika maelezo ya Jabir hamna rangi hata moja. Nadhani watu wameiweka istikhara rafu moja na ramli na kutazamia nyota: unampelekea mtu jina lako na la mama yako, unarudi na jibu. Ni rahisi, na lawama zikija zina pa kwenda.

Ninachopenda kuwaonyesha vijana ni mwanzo wa maelekezo yenyewe. Anayeelekezwa pale ni mtu aliyekwisha kukusudia jambo. Kabla ya rakaa kuna kusudio. Sasa kijana ananijia anasema, "Mwalimu, nataka Mungu anionyeshe nifanye nini na maisha yangu." Maisha, mwanangu, ni mengi mno kutajwa kwenye dua. Dua ina nafasi ya jambo moja lenye jina. Swali la hesabu lisilosema x ni kitu gani halitatuliki hata ukilipa daftari zima.

Kwa hiyo nampa karatasi. Andika jambo lako kwa sentensi moja. Yule wa Muscat aliandika, "Niende kwa mjomba." Nikamuuliza: kwenda kufanya kazi gani, kwa mkataba wa nani, mshahara utapitia mkononi mwa nani, pasi yako ya kusafiria atakaa nayo nani, na ukitaka kurudi nauli ni ya nani? Alikaa kimya akisugua peni. Hakuwa na jibu hata moja, na mama yake aliyekuwa amekaa mkekani pembeni yetu hakuwa nalo vilevile. Wiki ile walipiga simu nyingi kuliko walizopiga mwaka mzima. Sentensi yake ya pili ilijaa mistari minne, na mimi niliyekataa kumwotea nilifurahi, maana sasa alikuwa na jambo la kuswalia.

Hizo simu ndizo wanazuoni wanaziita shura, yaani kushauriana, nayo haitengani na istikhara. Unamwomba Muumba na unawauliza viumbe wenye ujuzi. Kijana anayetaka udaktari, namtuma kwa tabibu wa zahanati akamuulize siku yake inaanza saa ngapi na inaishaje. Anayetaka umeme, akaongee na mafundi na vijana wanaosoma vyuo vya ufundi vya VETA. Nina sharti moja tu: ushauri usitoke kwa mwenye faida na jibu peke yake. Mjomba wa Muscat huenda ni mtu mwema sana, lakini duka lake linahitaji mikono.

Kuna mambo ambayo hayaingii hapa kabisa. Lililo faradhi halina istikhara, na lililo haramu halina. Kijana mmoja aliniuliza kama aswali kuhusu kazi ambayo, alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa ya kupunja wateja kwenye mizani. Nikamwambia wudhu asiupoteze bure.

Sasa twende kwenye swali lenyewe linalowasumbua: nimeswali, nimeshauriana, sikuota, nitajuaje? Hapa wakubwa wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Pwani hii, hawakusema kauli moja. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki 1277, alisema mtu aliendee lile ambalo kifua chake kimelifungukia. Lakini akaweka tahadhari ambayo wengi huiruka: usitegemee ule mfunguko uliokuwa nao kabla ya kuswali kwa sababu ya matamanio yako. Kabla ya Nawawi alikuwapo Izzuddin bin Abdissalaam, mtu wa Damascus aliyefia Misri mwaka 1262. Yeye maneno yake ni makavu: ukishaswali, fanya utakaloangukia, heri ndiyo hiyo.

Miaka yangu ya mwanzo ya kusomesha nilikuwa nikiwapa vijana kauli ya Nawawi. Siku hizi namwelekea Izzuddin, na sababu yangu ni ya darasani wala si ya kitabuni. Kijana wa miaka kumi na minane hajaweza kutenganisha kifua kilichofunguka na roho inayotaka. Nikimwambia asikilize moyo, atausikiliza mpaka dirisha la kubadilisha tahasusi litafungwa. Nikimwambia umeomba, sasa ondoka ukajaze fomu, anaondoka. Na akishaondoka ndipo dua inapofanya kazi yake, kwa sababu iliomba njia irahisishwe au izibwe, na njia haiwezi kurahisishwa wala kuzibwa kwa mtu aliyekaa barazani. Yule aliyeposwa, kwa mfano, hakuona chochote usingizini. Alikubali uchumba, na walipofika kwenye mazungumzo ya kuendelea na masomo mchumba akaanza kubadilisha maneno. Jambo likafa lenyewe kabla ya mahari.

Simdharau Nawawi, asije mtu akanielewa vibaya. Kwa mtu mzima aliyejizoea, kifua ni shahidi mzuri. Mwalimu mwenzangu Mkatoliki, tuliyekaa naye ofisi moja miaka mingi, alinisimulia habari za Inyasi wa Loyola, mwanajeshi wa Hispania aliyevunjwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani aliwaza mambo mawili kwa zamu: sifa za uaskari na mapenzi ya mabibi wakubwa, halafu maisha ya watakatifu aliokuwa akiwasoma. Yote mawili yalimpendeza wakati akiyawaza. Tofauti ilikuja baadaye: la kwanza lilimwacha mkavu, la pili furaha yake ilikaa. Wakatoliki wamejenga juu ya hapo elimu nzima ya kupambanua. Niliposikia nilimkumbuka Nawawi na tahadhari yake. Kitu kitamu wakati wa kukiwaza bado hakijathibitisha lolote. Subiri uone kinakuachaje.

Na ipo hila moja ya mjini kwetu ambayo lazima niiseme. Posa ikikataliwa, utasikia, "Istikhara haikuja vizuri." Mara nyingi kilichotazamwa ni mfuko wa kijana, au kabila lake, na istikhara ikatumwa kwenda kutoa habari mbaya kwa adabu. Ni uungwana fulani, sikatai. Ila watoto wanasikia, nao wanakua wakidhani Mungu ndiye aliyeikataa pikipiki ya mtu.

Sehemu ngumu kuliko zote iko mwishoni mwa dua, pale unapoomba uridhishwe. Zainab bint Jahsh alipoletewa posa ya Mtume mwenyewe, hakusema ndiyo papo hapo. Alijibu kwamba hafanyi jambo mpaka ashauriane na Mola wake, akainuka kwenda mahali pake pa kuswalia. Kama yeye alisimama rakaa mbili kwa posa ile, sioni vipi mtu aone haya kusimama kwa ajili ya tahasusi. Ila kuswali ni dakika chache. Kuridhika ni kazi ya miaka, hasa kwa aliyetaka udaktari akajikuta maabara, na huyo simpi karatasi. Namwita aje anisaidie kusahihisha daftari za watoto wadogo, tukae, azungumze akitaka.

Ninaloulizwa mwisho kila mara ni irudiwe mara ngapi. Mapokezi yanayotaja mara saba wanazuoni wameyaona dhaifu. Husimuliwa kwamba khalifa Umar bin Khattab alipotaka kuandikisha hadithi za Mtume aliwashauri masahaba, wakamwambia aandike. Akafanya istikhara mwezi mzima, kisha akaamua kinyume chao, asiandike. Kwa hiyo rudia ukihitaji. Usiswali hapa kwangu baada ya alasiri, kwa Shafi wakati huo haufai kwa swala hii. Ngoja magharibi iingie. Mwenye hedhi aisome dua tu bila swala. Umar alikuwa na mwezi kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsubiri. Wewe fomu yako inafungwa Ijumaa, basi swali Jumatano, ijaze Alhamisi, na uhakikishe jina limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti.