Lenzi ya Urithi na Lenzi Mpya: Ipi Impige Mzee Picha?

Mwaka jana kamati yetu ya msikiti iliazimia kuwapiga picha wazee wa mtaa, ili wajukuu wabaki na sura za kuwakumbukia. Kijana mmoja alijitolea kamera yake pamoja na lenzi aliyorithi kwa marehemu baba yake: Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa Biotar ya Ujerumani. Tulifurahi, kwani fedha za waumini ni amana, na lenzi mpya ina gharama.

Picha za awali zilitupendeza mno. Majani ya mwembe nyuma ya mzee yalionekana kuzunguka kama maji yaliyokorogwa, na ngozi ya uso ikawa laini. Uzuri huo watokana na kasoro za kioo, ambazo watengenezaji wa leo hujitahidi kuziondoa. Ndiyo maana wengi wangali wakizitafuta lenzi hizi.

Mtihani ulikuja tulipomfikia mzee aliyekuwa akitetemeka kwa maradhi. Helios hulengwa kwa mkono, kwa kuzungusha pete. Tundu lake likifunguliwa lote, yaani f/2, na mtu akiwa umbali wa mita 1, sehemu iliyo wazi katika picha ina kina cha takriban sentimita 4 tu. Mlengwa akisogea kidogo, uwazi huhama jichoni ukaenda sikioni. Tulipiga picha 20, na katika kioo kidogo cha kamera zote zilionekana njema. Tulipozikuza kwenye kompyuta, tulikuta ndevu zimetoka bayana ilhali macho yamefifia. Tukapanga kurudi. Kabla wiki haijatimia, mzee alirejea kwa Mola wake.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Mgonjwa, mtoto na shughuli isiyorudiwa, kama akdi ya ndoa, hupigwa kwa lenzi mpya, maana kamera nyingi za kisasa hulitambua jicho na kulifuata zenyewe. Tena lenzi mpya hustahimili vizuri zaidi mwanga unaotoka nyuma ya mtu, kama wa dirishani. Lenzi kongwe tumeiachia mwenye kutulia na mwenye nafasi ya kukaa tena. Hata hapo, tundu hupunguzwa hadi f/4, na jicho hukuzwa kwenye kioo cha kamera kabla ya kupiga.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua lenzi kongwe, imulike kwa tochi. Nyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi penye unyevu kama mwambao wetu. Hakikisha pete inazunguka bila kukwama, na vijibapa vya tundu havina mafuta. Uliza pia adapta. Kamera zisizo na kioo cha ndani huzipokea lenzi hizi bila taabu. Lakini baadhi ya zile zenye kioo, kama za Nikon, zikitumia adapta ya kawaida hushindwa kulenga vitu vya mbali.

Familia ya yule mzee tuliipa iliyo bora miongoni mwa zile 20. Wameitundika sebuleni. Nasi kila tuingiapo humo, jambo la kwanza tulitazamalo ni macho yake.