Kidole cha Mguu Kikihamia Mkononi

Hapa kwetu Kianyaga, nchini Kenya, hakuna uwanda wa kuachia ng'ombe. Ardhi imeshikwa na majani chai na kahawa, ng'ombe wanafugwa bandani, na nyasi yao ya nepia hupitishwa kwenye mashine ya kukatia majani. Visu vya mashine hiyo havichagui kati ya nepia na kidole.

Kidole kikikatika, jambo la kwanza ni kukitafuta chenyewe. Kifungwe kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Barafu isikiguse, maana itakiua. Kidole hakina misuli, kwa hiyo huvumilia takribani saa 12 bila baridi, na hata saa 24 kikipozwa vizuri. Kiganja kizima hakina subira hiyo: bila baridi, saa sita tu. Mnamo Januari 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimrudishia mkono kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu, uliokatwa na mashine kama hizi zetu.

Lakini mashine mara nyingi husaga, haikati tu. Gumba likisagika, hakuna cha kurudisha. Na gumba ni karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono. Mchuma chai hushika majani mawili na chipukizi kati ya gumba na kidole cha shahada. Bila gumba, vidole vinne vilivyobaki havina cha kukutana nacho. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walilijua hili kabla yetu sisi madaktari.

Ndipo tunapoutazama mguu. Mwishoni mwa karne ya 19, Carl Nicoladoni, daktari wa Austria, aliufunga mkono wa mgonjwa kwenye mguu wake kwa wiki kadhaa mpaka kidole cha mguu kikashika mkononi. Hadubini ya upasuaji iliondoa mateso hayo. Mwaka 1966 madaktari wa Shanghai walihamisha kidole cha pili cha mguu, na 1968 John Cobbett wa Uingereza akahamisha dole gumba lenyewe la mguu.

Kazi yenyewe huchukua saa nyingi. Mfupa huungwa kwa waya, kano hushonwa, kisha mishipa ya fahamu, na mishipa ya damu yenye upana wa milimita moja au mbili, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mshipa ukifunguliwa, kidole kilichopauka hugeuka chekundu, na chumba kizima hupumua. Hisia hurudi polepole, kwa kuwa mshipa wa fahamu hukua kama milimita moja kwa siku. Sigara ni marufuku, kwani hubana mishipa.

Wagonjwa huogopa kwamba watachechemea. Ukitolewa kidole cha pili, mwendo haubadiliki sana. Dole gumba likiondoka, msukumo wa hatua hupungua kidogo, ila watu hutembea na kulima. Kwa maoni yangu, anayeishi kwa mikono yake hapati hasara katika biashara hiyo.

Kwa hiyo, ukipoteza gumba, kabla kidonda hakijafungwa mwombe daktari asifupishe mfupa, kano wala mishipa bila sababu, kisha akupe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa mikono. Kila sentimita inayobaki itatumika.