Chumba cha Nafuu Kiko Mbali Kiasi Gani na Ziwa?

Kila kiangazi kinapoingia, Bujumbura huwapokea wageni wake wa siku zote: Warundi wanaoishi Ulaya na Kanada wanaorudi Julai na Agosti kwa ajili ya harusi na kuwasalimia wazee, familia zinazoteremka kutoka Gitega na Ngozi kuikimbia baridi ya milimani, wafanyabiashara wanaojiongezea siku mbili baada ya kazi ili waogelee. Wote wana swali moja: tulale wapi? Na karibu wote hulijibu kwa njia moja, kuuliza bei ya chumba kwa usiku, kuzipanga bei hizo kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha kuchukua ile ambayo mfuko unaimudu. Njia hiyo inaonekana ya busara, lakini inapotosha. Bei ya usiku mmoja ni bei ya kitanda, na anayekuja mapumziko hakufuata kitanda. Amefuata siku nzima kando ya ziwa, na siku hiyo ina gharama nyingi ambazo hazimo kwenye karatasi ya mapokezi.

Jambo hili huonekana wazi zaidi ukilitazama mahali pengine, kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, wanakokwenda watu kuteleza kwenye theluji. Courchevel, mmoja wa miji mashuhuri ya mchezo huo, ni vijiji kadhaa vilivyopandana mlimani. Cha juu kimezoeleka kwa jina la Courchevel 1850, kisha kinafuata cha 1650, cha 1550, na chini zaidi Le Praz, kwenye mita kama 1,300. Kadiri unavyopanda ndivyo bei zinavyopanda, na huko juu zipo hoteli ambazo mgeni huvaa skii mlangoni na kuondoka zake. Hata hivyo mtu wa kipato cha wastani anaweza kulala chini na kuteleza kwenye theluji ile ile anayoitelezea tajiri, kwa sababu basi la bure huzunguka kati ya vijiji na vigari vya kamba humpandisha hadi juu. Chumba cha bondeni ni nafuu kweli kweli kwa sababu ya basi lile. Liondoe, na mgeni wa Le Praz atailipa tofauti yote barabarani.

Bujumbura basi la namna hiyo halipo. Fukwe zinazopendwa zaidi, Saga Plage ikiwa mojawapo, ziko kwenye barabara ya kwenda Gatumba na Uvira, na huko huko ndiko iliko Hotel Club du Lac Tanganyika. Vyumba vya bei ya chini viko ndani ya mji: Bwiza, Buyenzi, Nyakabiga, Ngagara, pamoja na nyumba za wageni za mapadre na masista. Ukitazama ramani, ni kilomita chache tu. Lakini Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji, na vyombo hivyo ndivyo vilivyokuwa usafiri wa mtu asiye na pesa nyingi. Juu ya hayo ukaja uhaba wa mafuta uliodumu kwa miaka, foleni ndefu kwenye vituo, na magari ya abiria yanayopungua mapema jioni. Teksi haina mita. Bei hupatanwa dirishani, na anayeulizia usiku akiwa na watoto waliolowa maji hana nguvu ya kupatana. Na usiku wenyewe huja upesi. Mji uko karibu na ikweta, jua huzama mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na saa hiyo ndiyo ufuo unapopendeza kuliko wakati mwingine wowote: joto limelegea, milima ya Kongo ng'ambo inaingia kiza, samaki wa mukeke yuko juu ya makaa. Mgeni aliyelala mbali anaanza kutazama saa wakati huo huo. Wala asifikirie kurudi kwa miguu akifuata ukingo wa maji, maana viboko wa Tanganyika hutoka usiku kula nyasi, na mnyama huyo haachii njia.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano tu, kila mtu aweke za kwake. Tuseme chumba cha ufuoni ni faranga 250,000 kwa usiku na cha mjini ni 120,000. Tofauti ni 130,000, na msafiri wa peke yake anaona ameokoa pesa nyingi. Lakini teksi ya kwenda ni 30,000, ya kurudi usiku ni 50,000, na kifungua kinywa ambacho ufuoni kimo kwenye bei ya chumba, mjini anakilipia 10,000. Alichookoa kimebaki 40,000, na kwa pesa hiyo ameuza jioni yake, ameuza usingizi wa mchana baada ya kuogelea, ameuza pia nafasi ya kuamka na kuingia majini kabla jua halijawa kali. Kwake mimi naona chumba cha ufuoni ndicho cha nafuu. Sasa chukua familia ya watu wanne wanaohitaji vyumba viwili. Ufuoni watalipa 500,000, mjini 240,000. Teksi haikuongezeka, maana gari ni lile lile moja, 80,000 kwenda na kurudi. Kifungua kinywa cha wanne ni 40,000. Wamebakiwa na 140,000 kila siku, pesa ya kuwalisha wote samaki na ndizi ufuoni. Vyumba huongezeka vichwa vikiongezeka, gari hulipiwa kwa safari. Kwa hiyo ushauri uliozoeleka, kwamba mtu mmoja atafute pa bei ya chini na familia ijinyime ili ikae penye hadhi, mara nyingi umekaa kinyume na hesabu.

Hayo ni ya pesa. Ya raha ni magumu zaidi kwa sababu watu huipima kwa macho: vigae vinavyong'aa, pazia zito, televisheni kubwa ukutani. Katika mji wenye joto, penye umeme unaokatika na bomba linalokauka, raha imefichika kwenye vitu visivyopigwa picha. Fungua bomba la bafuni saa sita mchana, si asubuhi, uone kama maji yana nguvu au yanadondoka. Tazama nyuma ya mlango: kama kuna pipa la plastiki na kikombe juu yake, nyumba inakuambia ukweli kuhusu maji yake, na kama pipa limejaa na limefunikwa vizuri, mwenye nyumba ni mtu wa kujali. Kisha kikague chandarua. Kishushe chote, kivute hadi chini ya godoro pande zote nne, maana vingi ni vya kitanda kidogo vilivyotundikwa juu ya kitanda kikubwa, na mlalaji akijigeuza goti linagusa wavu na mbu anauma kutoka nje. Tafuta matundu kwenye kona, mahali ambapo kamba huvuta. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza malaria kuwa mlipuko, na Januari 2023 ikatangaza kipindupindu hapa hapa Bujumbura. Chandarua kizima na maji salama vinatangulia mambo mengine yote.

Kuhusu umeme, hoteli nyingi hujibu kwa neno moja: jenereta ipo. Jibu hilo halitoshi. Jenereta isiyo na mafuta ni chuma tu, na mafuta ndiyo yaliyoadimika. Maswali yenye faida ni mawili: inawashwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na inawasha nini? Kuna nyumba ambazo jenereta huwasha taa za ukumbi na friji ya baa, huku feni ya chumbani ikisimama saa nne usiku na mgeni akibaki kutoa jasho hadi alfajiri. Nyumba ndogo ya mtaa wa Kinindo yenye paneli za jua zinazotosha kuzungusha feni usiku kucha inampa mlalaji wake raha kuliko jengo la ghorofa lenye jenereta inayonguruma chini ya dirisha. Na yupo asiyehitaji feni kabisa: mwinuko wa Kiriri hupata upepo wa jioni ambao watu wa tambarare hawaupati, na kutoka huko ziwa lote liko mbele ya macho yako.

Wapo watakaosema hoteli za ufuoni zinawanyonya watu, na hizi hesabu zote ni njia ya kuutetea unyonyaji. Siukatai uchungu wao. Bei zinazotajwa kwa dola huwaweka Warundi wengi nje ya ziwa lao wenyewe. Ila tuangalie bei hiyo imejengwa na nini. Hoteli ya hapa hujinunulia mafuta ya jenereta, huchimba au kuletewa maji, hulipa walinzi, na viyoyozi, magodoro na pampu huagiza nje kwa fedha za kigeni ambazo nchi haina za kutosha. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha thamani faranga kwa kishindo, na bado kufikia mwisho wa 2024 dola moja ilikuwa faranga 2,900 hivi kwa bei ya benki, huku nje ya benki ikipita mara mbili ya hapo. Pengo hilo humgusa mgeni moja kwa moja. Anayelipa kwa kadi kutoka Ulaya hutozwa kwa bei ya benki. Aliyetajiwa bei kwa faranga hulipa kitu kingine kabisa kwa chumba kile kile. Simwelekezi mtu kwa wabadilishaji wa mitaani, maana ni kinyume cha sheria na wengi wametapeliwa. Nasema tu kwamba kabla ya kulinganisha nyumba mbili, ziulizwe zote bei kwa fedha moja. Bila hivyo unalinganisha viwango vya kubadilishia pesa.

Ukaribu na maji nao una gharama iliyoonekana wazi miaka ya karibuni. Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kalemie nchini Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo ziwa hupanda taratibu na kushuka taratibu. Lilipanda sana miaka ya 1960, na likapanda tena hadi Aprili 2024 likaingia Gatumba, likaingia nyumba za Kibenga na kumeza sehemu za fukwe. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 ziachwe wazi kutoka ukingo wa Tanganyika. Anayetembea ufuoni anaona kwa macho yake ni majengo mangapi yaliyosogea karibu na maji zaidi ya hapo. Mgeni anayelipa zaidi ili asikie mawimbi kitandani ana haki ya kuuliza maji yalifika wapi mwaka 2024, na alama kwenye kuta za ghorofa ya chini zitamjibu kabla ya mwenye hoteli.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka nyumbani: Mrundi mwenye jamaa Bujumbura hahitaji hoteli. Ni kweli, na kwa wengi hapo ndipo mapumziko yenye utamu yalipo. Ila malazi ya bure hayapo; kuna malazi yanayolipwa na mtu mwingine. Shangazi atakayewapokea watu wanne atanunua mkaa wa ziada, atajaza madumu ya maji usiku bomba likitoka, atawalaza wanawe sebuleni, na atakula kiapo kwamba hakuna usumbufu wowote. Mgeni muungwana huikadiria gharama hiyo mwenyewe, kwa gunia la mchele na mafuta ya kupikia siku ya kwanza, si bahasha ya kuaga siku ya mwisho wakati deni la dukani limeshaandikwa.

Na asiye na jamaa wala pesa ya ufuoni? Naye asidharau gesti ya Buyenzi, mradi ajue amekwenda kufuata nini. Kama anafuata mji wenyewe, ana kila kitu miguuni pake: chapati za alfajiri, chai ya tangawizi, mishikaki, soko, misikiti, na Kiswahili ambacho mtaa huo umekizungumza tangu enzi mji ulipoitwa Usumbura. Hatatumia teksi, kwa hiyo bei ya chini anayoiona ndiyo bei anayolipa. Anayeumia ni yule aliyelala Buyenzi huku moyo wake uko Saga.

Huyo anaweza kusaidiwa, tena bila kungoja serikali. Nyumba ndogo tano au sita za Rohero, Bwiza na Buyenzi zikichanga na kukodi Hiace moja, iwachukue wageni wao saa tisa alasiri na kuwarudisha saa tatu usiku, gharama ya kila kiti itakuwa sehemu ndogo ya teksi, na lita chache za mafuta zitabeba watu kumi na wanne badala ya mmoja mmoja. Mwenye gesti angeandika saa hizo ubaoni, chini ya bei ya chumba, pamoja na saa za umeme.