Ziwa nalo lataka daftari: niliyojifunza Muhuru Bay

Mpwa wangu anasomesha Muhuru Bay, kaunti ya Migori, na likizo iliyopita nilifunga safari kwenda kumjulia hali. Ni mbali na Mombasa. Ukifika, mbele yako ni Ziwa Viktoria na kusini kidogo ni mpaka wa Tanzania. Nilivyozoea bahari, jioni ya kwanza nikashuka ufuoni kuona madau yao na kina mama wakianika omena.

Pale nikakutana na mzee mmoja mvuvi. Tukazungumza habari ya mwaka 2020, ziwa lilipojaa na kuingia majumbani. Akanipeleka kwenye mti, akaweka kiganja usawa wa kiuno changu. "Ustadhi, maji ilifika hapa," akasema.

Nikamuuliza, "Mzee, yaliwahi kufika hapa kabla ya hapo?"

Akafikiri. "Baba yangu alikuwa anasema ilikuja wakati wa Uhuru. Lakini ilifika wapi, huyo ndiye alijua. Alishakufa."

Nyuma yetu palikuwa na nyumba, mabanda ya samaki na choo kipya, vyote chini ya ile alama ya kiganja. Wallahi, usiku ule nilikaa nikifikiri. Swali la mzee yule lina jibu, na jibu limeandikwa. Ila halikumfikia.

Tuanze na lilipoandikwa. Kiwango cha maji ya Ziwa Viktoria kilianza kupimwa na kuandikwa mwaka 1896, upande wa Uganda. Kipimo chenyewe si kitu cha ajabu. Ni nguzo iliyosimamishwa majini, ina alama za mita na sentimita, na kuna mtu anayekwenda kusoma maji yamegusa wapi kisha akaandika. Kipimo kinachotajwa zaidi leo ni cha Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwani. Mto unaotoka ni huo mmoja tu, na ziwa ni moja, kwa hiyo namba ya Jinja inamhusu mtu wa Muhuru, wa Kisumu na wa Mwanza vilevile.

Daftari hilo linasema nini? Linasema kwamba baada ya mvua kubwa za 1961, zile ambazo wengi wanaziita mafuriko ya Uhuru, ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Mwaka huo kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41. Msomaji asidhani hicho ni kina cha ziwa. Ni urefu wa maji juu ya sifuri ya kipimo, na sifuri hiyo iko takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Mei 2020 kipimo kilisoma mita 13.42. Tofauti ni sentimita moja! Maji aliyoyaona baba wa yule mzee ndiyo yaliyomfika mwanawe. Aliyejenga katikati ya miaka hiyo alijenga mahali ambapo ziwa lilikwisha kufika, na hakuna aliyemwonyesha.

Faida ya pili ya daftari ni kujua kilichobadilika. Mwaka 2024 watafiti walitoa uchambuzi wa mafuriko yale ya 2020, wakitumia vipimo vya ziwa vya zaidi ya miaka 120. Walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi ile karibu mara 1.8, na yaliongeza kiasi cha sentimita 7 za maji. Huwezi kusema "hili si la kawaida" kama huijui kawaida. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani hulinganisha hali ya hewa kwa vipindi vya miaka 30, si miwili wala mitatu.

Faida ya tatu ni ushahidi. Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka sana, na watu wakavutana: ni ukame, au ni mabwawa ya umeme ya Jinja yanayoachia maji kupita kiasi? Kwa sababu kiwango cha ziwa na maji yanayotoka vilikuwa vimeandikwa miaka mingi, hesabu iliweza kufanywa, na ikaonyesha kwamba yote mawili yalichangia. Bila maandishi, mwenye sauti kubwa ndiye angeshinda.

Na si kiwango cha maji peke yake. Mwaka 1960 na 1961 mtafiti Talling alipima hewa ya oksijeni na mimea midogo iliyomo majini. Miaka 30 baadaye mwenzake Hecky akarudia vipimo, akakuta mwani umeongezeka mno na maji ya chini yamepungukiwa na oksijeni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Samaki hakai pasipo na hewa. Mvuvi alikuwa anaona nyavu zake tu. Sababu ilionekana kwa kuwa mtu wa zamani alipima na kuhifadhi.

Sasa nije kwenye uchungu wenyewe. Kazi hii hukatika kwa urahisi. Baada ya maji ya 1961, nchi za ziwa ziliingia katika mradi mkubwa wa kupima mvua, mito na maziwa, ulioanza 1967. Katikati, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na idara zilizokuwa za pamoja zikagawanyika. Mradi ukafika mwisho 1992. Kwa bahati, mwaka huohuo ilirushwa setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyoweza kupima urefu wa maji kutoka angani kwa kutuma mawimbi ya rada na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Setilaiti za namna hiyo zinatusaidia hadi leo. Lakini nazo zahitaji nguzo ya chini ya kuzisahihisha, na wala hazimwoneshi mtu wa Muhuru mstari wa mafuriko ulipita wapi mlangoni mwake.

Hata matajiri yamewafika haya. Kituo cha Waingereza cha Halley, kule kwenye barafu ya Antaktika, kilianza kupima tabaka la ozoni katikati ya miaka ya 1950. Kwa miaka mingi hakukuwa na habari ya kusisimua, na kazi kama hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Mwaka 1985 watu wa Halley wakatangaza kwamba ozoni inapungua vibaya kila msimu wa kuchipua. Dunia ikaamka, na mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. Wangeacha mwaka 1975 kwa kuchoka, nani angejua?

Nasema haya nami nina deni. Nilipokuwa nasomea diploma, nilipewa kazi ya kusoma kipimo cha mvua cha chuo kila asubuhi. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani bila kumwachia mtu. Nikakosa wiki sita, na ndani yake mvua kubwa ya mwaka ule ilinyesha. Niliporudi mwalimu hakunigombeza. Alifungua daftari, akanionyesha ule ukurasa mweupe, akasema, "Hii huwezi kuinunua tena." Mpaka leo ukurasa ule naukumbuka.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Kipimo cha maji cha Kilindini kimekuwapo tangu 1986, na cha Unguja tangu 1984. Cha kwetu kina mapengo. Mtu wa bahari ajua bamvua na maji mafu, lakini mwezi una mzunguko mwingine wa karibu miaka 18.6 unaobadilisha kimo cha maji polepole. Ukikata vipimo katikati ya mzunguko, utadanganyika: utadhani bahari imepanda, kumbe ni mwezi, au utadhani imetulia, kumbe inapanda.

Basi kazi hii yadumu vipi? Kwanza, iwe katika bajeti ya kila mwaka ya serikali na kaunti, isitegemee mradi wa miaka mitatu wenye mfadhili. Pili, msomaji wa kipimo alipwe, na awe na naibu. Mtu huugua, huoa, husafiri. Tatu, kipimo kisihamishwe ovyo. Kikilazimika kuhama, cha zamani na kipya visomwe pamoja kwa muda ili namba zao ziungane. Nne, nakala ziwe zaidi ya mahali pamoja, na mwananchi aruhusiwe kuziona.

Na tusisubiri serikali kwa yote. Kamati ya ufuo yaweza kupiga rangi mstari wa 2020 kwenye mwamba na kuandika tarehe. Shule yaweza kuweka kipimo cha mvua. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba amali ndogo inayodumu hupendeza kuliko kubwa inayokatika.

Wazee wetu wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asubuhi ya kuondoka nilimwomba mpwa wangu apate kopo la rangi, amchukue yule mzee na wanafunzi wachache, wakaitie alama ile ya kiganja kabla mti haujakatwa. Ameniahidi. Nitampigia simu Ijumaa kumuuliza, inshallah.