Binti wa Sengerema na Mlezi Aliye Mbali

Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Binti wa Sengerema alivukapo kwenda Mwanza huiona kazi ya uhandisi kwa macho yake. Mhandisi mwanamke wa kumuuliza pengine hajapata kumwona. Kwa kukosa wa kumwongoza, huiacha fizikia ilhali uwezo anao.

Ndugu msomaji, dawa ipo. Nchini Marekani, mwaka 1997, Carol Muller aliasisi mpango wa MentorNet. Mwanafunzi wa kike wa sayansi au uhandisi aliunganishwa na mtaalamu aliye kazini, wakaandikiana barua pepe kwa miezi kadhaa. Aliuliza juu ya masomo, ajira na namna ya kustahimili darasa lililojaa wanaume, bila kufunga safari.

Mwanamke kumfundisha mwanamke si jambo geni kwetu. Bi. Shifaa bint Abdillah (r.a.) ndiye aliyemfundisha Bi. Hafsa (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), kuandika.

Wazazi huihofia intaneti, na hofu hiyo ina msingi. Lakini haiondoki kwa kumnyima binti elimu. Mama na atoe simu yake: amjue mlezi huyo na mahali pake pa kazi, asome mazungumzo yao, apange siku moja ya juma. Nao walimu na maimamu wawatafute wahandisi na wataalamu wa maji wanawake, wa Mwanza au Dar es Salaam. Hayo yafanyike kabla binti hajachagua masomo ya kidato cha tatu. Baada ya hapo njia huwa finyu.

Wabillahi tawfiq.