Wakala wa kampuni ya kigeni akibwaga manyanga, samansi apelekewe nani?

Sisi tuliokulia Mwadui tumezoea mabango ya makampuni yenye makao ya mbali. Chukulia kampuni iliyosajiliwa Afrika Kusini imekuja kuchoronga miamba Shinyanga au Geita, imekodi gari la mtu wa Kishapu, halafu hailipi. Wakurugenzi wako Johannesburg. Samansi utampa nani?

Kwanza tuelewane. Williamson Diamonds inayochimba almasi Mwadui ni kampuni ya Tanzania, na inashtakiwa kama kampuni yoyote ya nchini. Ninayoizungumzia hapa ni kampuni ya nje iliyofungua tawi tu.

Sheria ya Kampuni, Sura 212, inaitaka kampuni hiyo, ndani ya siku 30 tangu ifungue ofisi nchini, impelekee Msajili pale BRELA nyaraka zake, pamoja na jina na anwani ya angalau mkazi mmoja wa Tanzania aliyeruhusiwa kupokea samansi na taarifa kwa niaba yake.

Je, akijiuzulu? Kule Delaware, Marekani, wakala huwasilisha cheti cha kujiuzulu, nacho huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Kwetu, kampuni ndiyo inayotakiwa kumjulisha Msajili mabadiliko. Na kama wakala amefariki, amehama nchi au amekataa kupokea, hati inaweza kuachwa au kutumwa kwa posta kwenye ofisi yoyote ya kampuni hiyo nchini. Kwa hiyo wakala kuondoka hakuiui kesi. Kasheshe inaanza pale ofisi yenyewe ilipokuwa kontena, na kontena limeshabebwa. Hapo unalazimika kuiomba mahakama iruhusu njia mbadala ya kufikisha wito, na siku zinakwenda.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu wengi wetu tukihitimu tutaambiwa, "Wewe weka jina lako tu, hakuna kazi." Kazi ipo. Samansi ukiitupia kwenye droo, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Ukichoka, jiuzulu kwa barua, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha hakikisha jina lako limebadilishwa BRELA. La sivyo, mdai wa Kishapu ataendelea kukugongea wewe, na atakuwa na haki.