Matembezi ya Mbinga na Pwani ya Nyasa

Likitajwa neno ziara katika nyumba zetu, fikira hukimbilia Makka na Madina na Baitul Muqaddas. Asiyekuwa na nauli ya huko huikumbuka Kizimkazi, ambako msikiti una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, au Kilwa Kisiwani penye magofu ya msikiti mkuu. Lakini ni nani aliyepata kumwambia mkewe na wanawe, "Fungeni mizigo, twenda Mbinga"? Sisi tulipotoa shauri hilo nyumbani tulichekwa.

Bwana Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa hapafungwi safari kwa ajili ya fadhila ya msikiti ila kwa misikiti mitatu tu. Basi hatukwenda Nyasa kutafuta baraka za mahali. Lakini Qur'ani Tukufu yatuhimiza mara nyingi twende katika ardhi, tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe, na jinsi ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Mambo hayo mawili yote yapo huko, na hilo la pili ndilo lililotukosesha usingizi.

Kutoka Songea hata Mbinga ni mwendo wa kiasi cha kilomita 100, na kila ukiendelea milima inazidi kusimama. Hii ndiyo nchi ya Wamatengo, nchi ya kahawa. Mgeni hushangaa kuona mashamba yamepanda juu ya miteremko ambayo hata mbuzi angetazama mara mbili, na udongo haukuchukuliwa na mvua. Siri yake ni ngolo. Majani hukatwa yakalazwa chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba hufukuliwa ukafunika majani yale. Hapo hubaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Mvua ikinyesha, maji hutua mashimoni badala ya kuporomoka na shamba, na majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza majani, na wanawake hufukia. Wamatengo walikuwa wakilima hivi kabla hajafika bwana shamba yeyote wa Kizungu, na mahindi na maharage yake tuliyala kwa furaha. Jiwe la Mbuji, ambalo ni mwamba mkubwa unaosifiwa sana wilayani, tuliliona kwa mbali tu, maana jua lilikuwa linatukimbia.

Toka Mbinga barabara ya lami yateremka kilomita 66 hata Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Katika kona moja ziwa hujitokeza ghafula huko chini, na watoto wakapiga kelele, "Bahari!" Hatukuwalaumu. Ziwa hili, ambalo ndugu zetu wa ng'ambo huliita Malawi, lina urefu unaopita kilomita 550, na kina chake chafika mita 700 na zaidi, hata sakafu yake iko chini kuliko uso wa bahari. Inasemekana hapana ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili. Ni mamia kwa mamia, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Wale wadogo wa rangi, wa samawati na wa manjano, huonekana kando ya mawe bila ya chombo chochote, maana maji ni maangavu.

Akina mama watauliza habari za chakula. Jamaa zetu Waislamu si wengi pande hizi. Walio wengi ni Wakatoliki na Waanglikana, na majengo makubwa ya dini mtakayoyaona ni makanisa. Kwa nyama, ulizeni kwanza nani kachinja. Lakini dagaa na mbasa hawahitaji kisu cha mtu, na kwa siku zote za safari yetu hatukutamani kitu kingine. Kibla nacho ni chepesi: ziwa limelala kusini na kaskazini, na Makka iko karibu kaskazini hasa, ikielekea mashariki kidogo. Ukisimama mchangani, maji yakawa mkono wako wa kushoto, umekwisha kukaribia. Tulisali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili, kama ilivyoruhusiwa msafiri asiyenuia kukaa siku 4, na vijana wetu wakajifunza kwa vitendo somo walilokuwa wakilikariri tu chuoni.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli, penye jiwe la Pomonda. Wenyeji husimulia kuwa zamani za vita watu walijificha humo. Wajerumani waliliona kama lile sanamu la Misri lenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, wakapaita Sphinxhafen. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Guendolen iliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Kapteni Mjerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, na kapteni Mwingereza, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Alikwenda kwa mashua kumkaripia rafikiye, akafanywa mateka.

Vijana walicheka sana. Kisha mmoja akauliza meli ile ililetwa kufanya nini. Tukajibu kwamba fedha zake zilichangwa Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, ingawa baadaye ilitumika kutawalia. "Biashara ya nani?" akauliza.

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Ng'ambo ya pili, upande wa kusini, uko mji wa Nkhotakota. Kiasi cha miaka ya 1840 Salim bin Abdallah kutoka pwani alivuka ziwa hili akaweka makao hapo, akaitwa Jumbe, na Waislamu wa mji ule wapo hata leo. Misafara ya Kilwa Kivinje ilikatiza nchi hizi za Ruvuma ikienda na kurudi. Pamoja nayo zilikuja kanzu, hati za Kiarabu na Shahada. Nayo ilirudi na pembe za ndovu, na watu shingoni wana miti. Livingstone aliandika kuwa Kanali Rigby, balozi wa Kiingereza huko Unguja, alimwambia kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee walikuwa wakipita forodhani Unguja kila mwaka. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Seyyid Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Wamisionari wa UMCA walijenga kanisa lao kuu Mkunazini, mahali palipokuwa na soko hilo, na mwaka 1903 wakaanza jingine katika kisiwa cha Likoma, humu humu ziwani. Basi ncha zote mbili za njia ile wamezitia alama wao, na wageni wanaofika huko husimuliwa habari hii kwa maneno yao. Sisi tumesema nini? Wazee wengi hunyamaza. Wengine hujibu kuwa Wazungu walichukua watumwa wengi zaidi kuvuka Atlantiki. Ni kweli, lakini hilo si jibu la mtoto aliyesimama Liuli. Bwana Mtume (s.a.w.) ametuhadithia kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama yumo aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Hakusema ila akiwa ni Mwislamu. Wakulima walionyakuliwa vijijini usiku na kupelekwa Kilwa walikuwa watu huru.

Jioni ile, jua likizama majini upande wa Malawi, tulikaa mchangani baada ya Magharibi tukawaeleza watoto yote mawili: walimu waliovuka na juzuu, na wafanyabiashara waliovuka na minyororo, na kwamba pengine walipanda jahazi moja. Yule mkubwa alinyamaza muda mrefu. Mdogo alitaka kujua kama mtu aliyesilimu njiani alifunguliwa. Tulimwambia kwamba Qur'ani imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya makosa kadha wa kadha, na kwamba wako walioacha huru na wako walioendelea kuuza.

Anayetaka kurudi kwa njia nyingine na aulizie Mbamba Bay habari za meli ya MV Mbeya II, iendayo Kyela. Ulizeni mapema siku ya safari, na chukueni mablanketi, kwani upepo wa usiku ziwani hauna huruma.